Siku saba Mtwara na Lindi: kusoma mikunjo ya barafu kwenye mawe ya Masasi

Siku ya 1: Mtwara mjini

Anayetaka kujua barafu inavyokunjamana kilomita mbili chini ya uso wa Greenland aanzie sokoni kwenye samaki, feri ya Mtwara, asubuhi na mapema, kisha aende Masasi, ambako mawe yalikunjamana vilevile. Wachuuzi wanapasua mabonge ya barafu kwa nondo ili wapange samaki kwenye maboksi. Bonge likipigwa linapasuka kama kioo, na watu wengi wanakomea hapo: barafu ni kitu cha kuvunjika. Ni kweli ukiipiga. Ukiisukuma polepole, mwaka baada ya mwaka, haivunjiki. Inatiririka.

Litazame bonge moja kabla halijapasuliwa. Pembeni ni angavu, katikati ni jeupe kama maziwa. Maji yaliganda kuanzia nje kwenda ndani, yakaisukuma hewa mbele yake, viputo vikanaswa katikati. Liache juani dakika chache, uligonge taratibu: upande ule angavu unaachana kwa vijiti virefu. Kila kijiti ni fuwele moja. Ndani ya fuwele, molekuli za maji zimepangwa kwa karatasi zenye umbo la pembesita, karatasi juu ya karatasi. Karatasi hizo zinateleza moja juu ya nyingine kama karata mkononi. Ukitaka fuwele ilegee upande mwingine wowote, utahitaji nguvu makumi ya mara zaidi. Likumbuke hili la karata, maana litarudi siku ya nne na ya tano.

Mwingereza John Glen alibana vipande vya barafu maabara, na mwaka 1955 akatoa kanuni ambayo bado inatumika: mwendo wa kulegea hukua kwa kipeo cha 3 cha msukumo. Msukumo ukizidi mara mbili, barafu inalegea mara nane. Joto nalo lina lake. Barafu iliyo karibu kabisa na kuyeyuka inalegea kama mara 20 kuliko ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Ndiyo maana sehemu ya chini ya ganda la barafu (barafu nene iliyofunika nchi, kama ile ya Greenland), inayopashwa na joto la ardhi, ndiyo inayojongea sana, na ya juu inabebwa tu.

Jaribio la kuacha likiendelea wiki nzima: chonga kibao chenye mfereji wa urefu wa sentimita 40, upana 2, kina 2, kitandike nailoni, mimina maji yaliyochemshwa na kupozwa (yasiyochemshwa yana hewa nyingi), gandisha usiku mzima. Ule mche wa barafu uuegemeze kwenye matofali mawili ndani ya friza, nafasi ya sentimita 35 kati yao. Katikati ning'iniza kopo lenye mchanga wa kilo 1. Funga kwa utepe wa kitambaa wenye upana wa vidole viwili, usitumie waya, kwa sababu waya unakata njia yake ndani ya barafu na utadhani mche umepinda. Funika mche kwa nailoni ili usikauke, maana hewa ya friza inakula barafu bila kuiyeyusha. Kwa nyuzi 18 chini ya sifuri tegemea mwendo mdogo kwa siku. Umeme ukikatika na friza ikapanda hadi nyuzi 5 chini ya sifuri, mwendo unazidi kama mara sita na kipimo chako kimekwenda na maji, ingawa maji yenyewe hutayaona.

Jaribio limewekwa saa 4 asubuhi, friza ya nyumba ya wageni, Shangani.

Siku ya 2: Mtwara, Mikindani, Mingoyo, Lindi

Kilomita kama 110, lami. Mikindani tulipita bila kusimama; kuna mengi pale, lakini si ya barafu.

Mashamba ya chumvi ya pwani hii ni somo zuri la matabaka. Maji ya bahari yanaingizwa bwawani, jua linayanywa, linabaki tabaka la chumvi juu ya tope. Maji mengine, tabaka jingine. Theluji ya katikati ya Greenland inafanya hivyohivyo: kila mwaka tabaka, pamoja na vumbi la msimu wake, tindikali ya volkano iliyolipuka mwaka huo, na hewa iliyonaswa kwenye viputo. Katikati ya Greenland theluji ya mwaka mmoja ikishabanwa inakuwa barafu ya sentimita 23 hivi. Kwenye tambarare ya juu ya Antaktika mashariki, sentimita 3 tu.

Chumvi na barafu zinafanana kwa jambo jingine, ila hili halionekani barabarani. Chini ya ardhi ya Mandawa, wilaya ya Kilwa, visima vya kutafuta mafuta vilikuta chumvi nene ya zama za kale. Chumvi ikilemewa na mawe mazito inajongea kama uji mzito na kupanda juu, kwa sababu ni nyepesi kuliko kilichoilalia, na inayainua matabaka ya juu yake. Barafu ya chini, kwa kuwa ina joto zaidi, nayo ni nyepesi kidogo kuliko ya juu, tofauti isiyofika asilimia moja. Je, inatosha kuifanya ipande? Wapo wanaosema inawezekana pale ambapo barafu ni nene na haisogei sana. Tutarudi kwenye hilo Masasi.

Tabaka la mwaka mmoja halibaki na unene wake. Kila theluji mpya inalilemea, nalo linatanuka kwa pembeni na kupungua unene, kama unga wa chapati chini ya mpini. Huko Little Dome C, Antaktika, ambako Wazungu wa mradi wa Beyond EPICA walifika kina cha mita 2,800 mwanzoni mwa 2025, mita moja ya barafu ya chini kabisa inayosomeka imebeba hadi miaka 13,000. Sasa fikiria mkunjo wa nusu mita mahali kama hapo. Nusu mita tu, na umegeuza miaka elfu sita kichwa chini.

Jioni, Lindi mjini, ng'ambo ya Kitunda ikiwa inawasha taa, muda ulikuwa wa rada. Ndege inaruka juu ya barafu ikituma mawimbi ya redio. Mawimbi yanapita ndani ya barafu kwa mita 168 hivi kila sehemu moja ya milioni ya sekunde, yanarudi kila yanapokutana na tabaka lenye tindikali au lenye fuwele zilizogeukia upande mwingine. Barafu ya mita 3,000: kwenda na kurudi ni sehemu 36 hivi za milioni za sekunde. Picha inayotoka ni mistari mamia iliyolala, na mwamba chini yake.

Onyo la kwanza kwa anayeisoma picha hiyo: imevutwa. Kilomita 100 za upana zimebanwa zitoshe karatasi ileile yenye kilomita 3 za kina, kwa hiyo kimwinuko cha kawaida kinaonekana kama mnara. Pima kabla hujashangaa. Onyo la pili: tabaka lililosimama wima haliirudishii ndege mawimbi, linayatupa pembeni. Pale penye mkunjo mkali kabisa picha inakuwa na giza, na msomaji mgeni anadhani hakuna kitu.

Siku ya 3: Tendaguru

Ni kama kilomita 60 kaskazini magharibi mwa Lindi, lakini usihesabu kwa kilomita, hesabu kwa saa. Kiangazi tu. Maji lita 5 kwa mtu, tairi la akiba mbili. Ripoti kwanza kwa uongozi wa kijiji, na usiokote mfupa hata ukiukanyaga: mabaki ya kale ni mali ya taifa.

Kilima hiki kinajulikana kwa mifupa ya dinosaria iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin, ambako mmoja wao bado amesimama makumbusho. Wazungu waliandikwa sana. Msimamizi wa uchimbaji, Boheti bin Amrani, aliandikwa kidogo, ingawa yeye na mamia ya vibarua wa huku ndio walioifuata mifupa shimo kwa shimo.

Waliwezaje kuifuata? Kwa sababu matabaka ya Tendaguru yamelala karibu sawasawa. Tabaka la udongo lenye mifupa, juu yake mchanga wa bahari wenye makome, tena la mifupa, tena la makome. Umri wake ni miaka milioni 150 hivi na hakuna aliyelikunja. Ukiwa na shimo moja lenye mpangilio huo, unajua shimo la pili litasemaje kabla hujachimba.

Greenland walitegemea hivyohivyo. Mwaka 1992 Wazungu wa mradi wa GRIP walimaliza kisima cha mita 3,029 kileleni mwa ganda la barafu. Mwaka 1993 Wamarekani wa GISP2 wakamaliza chao, mita 3,053, umbali wa kilomita 28 hivi. (Kipande cha mviringo kinachotolewa na mashine ya kuchimbia huko, chenye kipenyo cha sentimita 10 hivi, hapa tunakiita mche, kama mche wa sabuni.) Miche hiyo miwili iliafikiana mwaka kwa mwaka, mlipuko kwa mlipuko wa volkano, kwa sehemu tisa kati ya kumi za urefu wake. Kuanzia kama mita 2,700 kwenda chini, kila mmoja ukawa na hadithi yake. GRIP ulionyesha hali ya hewa ikiruka ghafla katikati ya kipindi cha joto cha kabla ya enzi ya barafu iliyopita. GISP2 haukuonyesha miruko ileile mahali palepale. Hitilafu haikuwa ya hali ya hewa. Matabaka ya chini yalikuwa yamevurugwa.

Kwa nini chini tu? Kuna mashindano ya nguvu mbili. Mbano wa kutoka juu unataka kulainisha kila kikunjo: kimwinuko kidogo cha tabaka kinabanwa mpaka kiishe. Mburuzo unataka kukipindua: barafu ya juu inatangulia, ya chini imeng'ang'ania mwamba, na kimwinuko kinalazwa, kinalala kabisa, kinajifunika. Karibu na uso mbano ndio mshindi. Karibu na mwamba, barafu ina joto na mburuzo ni mkubwa, kwa hiyo mburuzo unashinda. Hata kileleni pale, ambako juu barafu haiendi kokote, kilele chenyewe huhama kwa maelfu ya miaka, na kikihama mburuzo unaingia.

Nguvu zenyewe si za kutisha. Barafu ya mita 3,000 yenye mteremko wa mita 2 kwa kila kilomita inauburuza mwamba kwa msukumo wa nusu tu ya kanieneo ya hewa tunayoivuta. Kinachofanya kazi ni muda.

Siku ya 4: Lindi, Mingoyo, Nanganga, Ruangwa

Mingoyo, au Mnazi Mmoja kama wengi wanavyopaita, tukashika barabara ya Masasi. Nanganga ndipo pa kukata kulia. Chakula njiani ni ming'oko ya kuchemsha kwenye sahani ya bati. Ichambue ukiwa na subira, nyuzi zake hazina haraka.

Ruangwa ni nchi ya kinywe, yale madini meusi ya ndani ya penseli (grafiti). Chukua kipande cha jiwe lenye kinywe, kisugue kwa kidole gumba. Kidole kinakuwa cheusi cha kung'aa, na jiwe linateleza kana kwamba limepakwa mafuta. Ukilitazama kwa kioo cha kukuzia cha mara 10 utaona magamba, yote yamelala upande mmoja. Hayakuzaliwa hivyo. Jiwe lilipobanwa na kuburuzwa likiwa na joto kali chini ya ardhi, kila gamba liligeuka mpaka likaelekea upande unaoteleza kwa urahisi.

Barafu inafanya jambo hilohilo, na hapa ndipo karata za siku ya kwanza zinapoanza kulipa. Karibu na uso fuwele zimetazama kila upande. Kadiri zinavyoshuka, mbano unazigeuza hadi karatasi zake karibu zote zinalala mlalo. Barafu ya namna hiyo ina tabia mbili kwa wakati mmoja. Ukiiburuza kwa mlalo ni laini ajabu. Ukiibana kutoka ubavuni inakaza, kwa sababu karata hazina pa kuteleza. Kinachobaki ni kujikunja. Chukua mkeka mpya, uusukume kutoka kingo mbili uone: hausinyai, unainuka kwa mawimbi. Paul Bons na wenzake walieleza mwaka 2016 kwamba sehemu ya mikunjo mikubwa ya Greenland inazaliwa hivyo: mitiririko inakutana na kubanana ubavuni kabla ya kuingia kwenye mikondo ya kutokea, nayo barafu yenye karata zilizolala inajikunja kufuata mwelekeo wa mkondo.

Vumbi nalo linahusika. Barafu iliyoanguka enzi ya barafu ina vumbi jingi na fuwele ndogo, na chini ya mburuzo inalegea kama mara tatu kuliko ya miaka 10,000 ya karibuni. Hilo lilipimwa kwenye kisima cha Dye 3, kusini mwa Greenland, kilichofika mita 2,037 mwaka 1981; tundu lenyewe lilipinda zaidi pale penye barafu ya zamani. Kwa hiyo ganda la barafu ni kama chapati za maji na za kusukuma zilizopangwa kwa zamu. Zikisukumwa, haziendi pamoja.

Siku ya 5: Ruangwa, Nachingwea, Masasi

Hapa ndipo safari ilipokuwa inakuja.

Milima ya Masasi imesimama peke yake kwenye tambarare, mikubwa, mviringo, mawe matupu. Ni mawe ya naisi yaliyopikwa chini sana ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kwa joto la mamia ya nyuzi, yakiwa magumu lakini yakitiririka. Hayakuyeyuka. Yalifanya kama barafu: kitu kigumu kilicho karibu na joto lake la kuyeyuka, kikasukumwa kwa muda mrefu. Kisha mmomonyoko ukayafunua. Kinachohitaji ndege ya rada kukiona Greenland, hapa unakiwekea kiganja.

Omba ruhusa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Panda asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Mchana jua la wima linafuta vivuli na jiwe linachoma. Chukua brashi ngumu, chupa ya kunyunyizia, tepu, rula, kipima pembe na chaki. Nyundo haina kazi: uso uliolainishwa na mvua unaonyesha zaidi ya jiwe lililovunjwa.

Piga brashi, nyunyizia maji. Jiwe kavu ni la kijivu tu. Likilowa, mistari inajitokeza, myeupe ya kwatzi na felispa, myeusi yenye ulanga. Kitu cha kwanza utakachoona ni mistari iliyonyooka, sambamba, mizuri. Ukidhani ni matabaka yaliyolala kwa mpangilio wake, umeanguka mtego uleule wa miche ya barafu.

Fuata mstari mmoja mweupe kwa kidole, usiuache. Mita moja, mbili. Mara nyingi unafika mahali unanenepa, unageuka, unarudi ulikotoka, sambamba na ulipokuwa. Hicho ndicho kiwiko cha mkunjo. Mistari miwili uliyodhani ni matabaka mawili ni mikono miwili ya tabaka moja. Pima unene penye kiwiko, kisha kwenye mkono: kiwiko ni kinene, mkono umevutwa ukawa mwembamba. Mburuzo ukiendelea, mkono unakatika kabisa na kiwiko kinabaki peke yake kama ndoano iliyotupwa kwenye mchanga.

Kwa hiyo mstari ulionyooka ndio wa kushukiwa, na uliopinda ndio unaosema kweli. Ukihesabu mistari 20 kwenye ukuta wa naisi huna haki ya kusema ni matabaka 20. Huenda ni manne yaliyokunjwa mara kadhaa. Anayehesabu miaka kwenye barafu ya chini yumo hatarini vilevile, na hali yake ni mbaya kuliko yetu: mche wake una upana wa sentimita 10. Mkunjo wa mita tano ukipitiwa na mche huo, kiwiko kinakaa nje ya mche, ndani inabaki mikono tu, imenyooka kama rula.

Mawe yana msaada mwingine ambao barafu inaunyima. Tafuta vikunjo vidogo vilivyopanda juu ya mkunjo mkubwa. Kwenye mkono mmoja vina umbo la Z, kwenye mwingine S, na kwenye kiwiko M. Ukisimama popote, vikunjo hivyo vinakuambia kiwiko kikubwa kiko upande gani. Chora kwa chaki, piga picha ukiweka rula ndani ya fremu, na andika ulikuwa umetazama upande gani, kwa maana Z ikitazamwa kutoka nyuma inakuwa S. Mche wa barafu huzunguka ukiwa ndani ya mashine na kutoka bila kujulikana ulikuwa umeelekea kaskazini au kusini. Vikunjo vinaonekana, upande wake haujulikani. Kwenye mche wa NEEM, kaskazini magharibi mwa Greenland, vikunjo vya milimita na sentimita kwenye mistari ya vumbi vinaanza kuonekana kuanzia kama mita 1,700, juu sana ya mwamba, na vinaongezeka ukishuka.

Hesabu ya kufanya ukiwa umekaa kivulini. Maurice Biot na Hans Ramberg walionyesha, miaka ya 1960, kwamba tabaka gumu ndani ya laini likibanwa kwa urefu linachagua wimbi lake. Chukua uwiano wa mnato wa hayo mawili, gawa kwa 6, tafuta kipeuo cha tatu, zidisha kwa 6.28: jibu ni urefu wa wimbi kwa unene wa tabaka. Tabaka lenye mnato mara 100 linatoa wimbi la kama mara 16 ya unene wake. Ukirudi kinyume, tabaka la sentimita 2 lenye wimbi la sentimita 20 linakuambia uwiano ulikuwa kama 24. Pima wimbi kwa uzi ukiufuata mstari wenyewe, usivute tepu moja kwa moja kutoka kiwiko hadi kiwiko, kwa sababu mkunjo ukishabanwa unafupika na tepu itakudanganya. Barafu haifuati kanuni rahisi kiasi hicho, na uwiano wake ni mdogo: tatu, kwa mfano, inatoa wimbi la mara 5 tu, na wimbi la hivyo linakua kwa uvivu mno. Ndiyo maana tofauti ya vumbi pekee haitoshi kueleza mikunjo mikubwa, na watu wanarudi kwenye karata.

Na ipo mikubwa kweli. Kaskazini mwa Greenland, eneo linalolisha barafu ya Petermann, rada imeonyesha mafungu ya chini yaliyoinuka hadi kama kilomita moja kutoka kwenye mwamba, na matabaka ya juu yakijikunja kuyafunika. Mlima wowote unaouona ukiwa stendi ya Masasi ni mfupi kuliko hapo. Chanzo chake bado kina mabishano. Robin Bell na wenzake walitaja maji yanayotiririka chini ya barafu na kuganda upya kwenye tako lake. Walilionyesha hilo kwanza Antaktika mwaka 2011, juu ya milima ya Gamburtsev iliyozama barafuni. Wengine wanataja sehemu zenye utelezi zinazohama chini ya barafu: penye utelezi barafu inakimbia, mbele yake imekwama, inarundikana. Kuna hao wa karata na mbano wa ubavuni. Na kuna wale wa barafu ya joto inayopanda, kama chumvi ya Mandawa. Kwa maoni yetu, atakayechagua chanzo kimoja kwa ganda zima la barafu anafanya haraka. Pale mkunjo unapofuata mwelekeo wa mkondo kwa makumi ya kilomita, mbano wa ubavuni una ushahidi mzuri zaidi. Pale fungu linapolala kwenye bonde lenye maji chini, kuganda upya hakukataliki kirahisi.

Siku ya 6: Masasi, udongo na vibao

Siku ya kazi ya mikono. Jaribio la kwanza lilikuwa la unga wa ngano, na halifai. Tunaliandika ili wengine wasipoteze unga. Donge la ngano lina mvuto wa kurudi: ukiliachia linajikunyata, mikunjo inafunguka. Barafu ikishatiririka hairudi.

Tumia udongo wa mfinyanzi, kilo 4. Kilo 2 zikande na maji mpaka ziwe laini kama ugali wa muhogo wa moto. Kilo 2 ziache ngumu kiasi cha kubeba alama ya ukucha bila kupasuka. Za pili zichanganye na unga wa mkaa ili uone rangi. Sukuma matabaka ya urefu wa sentimita 30 na upana 10: laini nene la sentimita 2, gumu la nusu sentimita, tena laini la 2. Kabla ya kufunika, weka chini ya tabaka gumu kijiti cha kibiriti kilicholala kukatisha upana. Hicho ni kilima cha mwamba, au tuta la theluji lililopangwa na upepo.

Mbano kwanza: kibao juu, matofali mawili, nusu saa. Kata kipande cha mwisho kwa uzi. Kimwinuko juu ya kijiti kimepungua. Sasa mburuzo: ondoa matofali, shika kibao cha juu, kisogeze kwa mlalo sentimita 1 kila dakika, jumla sentimita 8. Kata tena. Kimwinuko kimelala kuelekea upande wa mwendo, na tabaka la mkaa linapita mara tatu kwenye mstari mmoja wa wima. Chomeka mrija wa soda hapohapo kutoka juu, uutoe, usukume udongo nje: huo ndio mche wako, na una mistari mitatu myeusi ya tabaka moja. Chomeka mwingine sentimita 5 pembeni, una mmoja. GRIP na GISP2 mezani.

Yanayoharibika: udongo wa chini ukiteleza kwenye kibao hakuna mburuzo, kwa hiyo kwaruza kibao kwa msumari. Udongo ukikauka juu unapasuka. Funika kitambaa kibichi. Ukisogeza haraka unapata ufa badala ya mkunjo, kama nondo ya mchuuzi wa feri.

Siku ya 7: Masasi, Newala, Mtwara

Newala tulisimama kidogo ukingoni, Ruvuma chini kabisa, Msumbiji ng'ambo. Mchanga mwekundu wa uwanda wa Wamakonde hauna mikunjo ya kuonyesha. Kutoka hapo ni mikorosho hadi Mtwara, na muda wa gari ukaenda kwenye swali moja: barafu ikishapinduka, inapanguliwaje?

Kwa hewa yake. Hewa ya dunia inachanganyika haraka, hivyo viputo vya umri mmoja vina karibu kiwango kimoja cha methani na uwiano mmoja wa isotopu za oksijeni (atomi zake nyepesi na nzito), viwe Greenland au Antaktika. Mche wa NEEM ulifika mita 2,540. Kati ya mita 2,207 na 2,432 vipimo vya hewa viliruka, vikajirudia, vikaenda kinyume. Watafiti walilinganisha kila kipande na miche ya Antaktika iliyonyooka, wakagundua vipi vimepinduliwa, wakavipanga upya, na mwaka 2013 wakatoa simulizi ya kipindi cha joto cha miaka 130,000 hadi 115,000 iliyopita. Pasipo na mche mwingine ulionyooka wa kulinganisha, ujanja huo haufanyi kazi. Ndiyo maana mche wa Vostok, Antaktika, wenye kina cha mita 3,623, ulisomwa hadi mita 3,310 tu kwa mpangilio, na Little Dome C wameziweka kando mita 210 za chini kuwa barafu kongwe iliyovurugwa.

Mtwara saa 11 jioni. Friza ya Shangani ilifunguliwa. Mche umepinda waziwazi, upinde laini bila ufa hata mmoja, na utepe haujakata. Ila kopo limegusa sakafu ya friza. Nafasi iliyoachwa chini yake ilikuwa sentimita 1 na nusu, kwa hiyo kipimo hicho ni cha chini kabisa, na siku lilipogusa haijulikani. Atakayerudia aweke matofali mawili kila upande, na rula imesimama nyuma ya mche tangu siku ya kwanza.